Mashine Moja Kubwa au Kila Chumba na Yake? Jibu kwa Msomaji wa Bamburi

Swali: Assalaam alaykum fundi. Naishi Bamburi, nyumba ya ghorofa moja, vyumba vinne vya kulala, na juu kumefungwa kwa slabu. Chini analala mamangu, umri wake umepita miaka 70, na akisikia baridi analalamika magoti. Juu tuko mimi, mume wangu na watoto watatu, na kuanzia Disemba hatulali. Kakangu aliye Minnesota anasema tuweke mfumo wa kanda, mashine moja ya kupasha na kupoza nyumba nzima, kila sehemu ikiwa na kiwango chake. Muuzaji mmoja ametuletea bei ya mfumo huo, nguvu ya kupoza BTU 60,000, dakti zote, yaani mabomba mapana ya hewa, zikipita kwenye dari. Faida zinazosemwa ni za kweli? Na kwa hapa kwetu zinafaa?

Jibu: Waalaykum salaam dadangu. Nitakupa jibu kwanza, sababu zifuate. Faida za kugawa nyumba kanda, kila sehemu ikapozwa kwa kiasi chake na wakati wake, ni za kweli, na nyumba kama yako inazihitaji hasa. Nisichokubaliana nacho ni huo mfumo mliopigiwa bei. Nyumba ingekuwa yangu, dakti ningeziacha dukani, upande wa kupasha joto ningeukata kwenye karatasi, nikaweka eisi ndogo za inverta, yaani zinazopunguza kasi badala ya kuwaka na kuzima, chumba kwa chumba, kila moja na mashine yake ya nje. Tena nisingezinunua zote kwa pamoja.

Kakako hakukudanganya. Anasema lililo sawa kwa nyumba anayoishi yeye. Minnesota, usiku wa Januari kushuka nyuzi 15 chini ya sufuri hakumshangazi mtu, na Julai zipo siku zinazopita 30. Nyumba nyingi za kule zina tanuri moja, aghalabu kwenye chumba cha chini ya ardhi, linalosukuma hewa ya moto ndani ya dakti hadi kila chumba. Kiangazi kikifika, dakti zilezile hupitisha hewa baridi. Themostati, kile kidhibiti joto, huwa moja, ukutani pale ukumbini. Ukumbi ukitosheka mashine inazima, na aliye chumba cha mwisho ghorofani ana lake la kusema. Ndipo wakaja na vilango vyenye mota ndani ya dakti, vinavyofunguka na kufungika kwa amri ya themostati ya kila kanda. Kwa hiyo kanda za namna ile ni dawa ya ugonjwa ulioletwa na dakti. Wewe dakti huna. Muuzaji anataka akuuzie ugonjwa, kisha akuuzie na dawa.

Kupasha joto tusikupotezee muda. Mombasa, alfajiri ya Julai au Agosti kusi likivuma, kipimo hushuka hadi karibu nyuzi 20. Mamako atajitanda leso ya pili, aagize chai ya tangawizi, yamekwisha. Mashine inayopoza na kupasha ina vali ya kugeuza mkondo wa gesi, na vali hiyo ni kitu kimoja zaidi cha kuharibika. Ikiwa eisi uliyoipenda inakuja nayo kwa bei ileile, haina ubaya, ichukue. Kuongeza pesa kwa ajili yake, hapana. Ungekuwa Limuru tungezungumza.

Sasa tuje kwenye hewa yetu wenyewe, maana hapa ndipo mambo yanapotofautiana na huko kwa kaka. Nyuzi 32 za Januari si nyingi. Mtu wa Garissa atakucheka. Kinachotukosesha usingizi ni unyevu. Hewa imejaa mvuke hata jasho halikauki mwilini, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Kiyoyozi cha kwanza cha kisasa, alichokibuni Willis Carrier mwaka 1902 kwa kiwanda cha uchapishaji huko Brooklyn, New York, hakikuwekwa ili watu waone baridi. Kiliwekwa kuondoa unyevu uliokuwa ukiitanua karatasi na kuharibu uchapaji wa rangi. Kazi hiyo ya kukausha hewa ndiyo tunayoihitaji zaidi pwani, na ndiyo wauzaji wengi hawaizungumzii kabisa. Wao ni BTU tu.

Eisi hukausha hewa inapozunguka kwa muda mrefu. Hewa ya chumba inapita kwenye koili baridi, mvuke unageuka matone, matone yanateremka kwa bomba hadi nje. Mashine ikiwa kubwa kuliko chumba, kipimo kinashuka upesi, inazima, na kwa muda ule mfupi haikupata kutoa maji ya maana. Chumba kinakuwa na baridi la majimaji, shuka zinashika unyevu, na mtu anashusha rimoti hadi 18 akidhani bado hakijapoa. Mashine ndogo ya inverta inayokwenda polepole usiku kucha inakupa hewa kavu zaidi kuliko kubwa inayowaka na kuzima. Kwa hiyo ukiambiwa "weka kubwa uwe salama", kataa.

Faida ya kanda iliyo kubwa kuliko zote ni hii: unapoza mahali palipo na watu, wakati wapo. Mchana watoto wako shuleni na vyumba vya juu vimefungwa. Usiku sebule haina mtu. Kupoza sebule saa saba za usiku ni kuwapoza makochi.

Tupige hesabu ya juu juu. Eisi ya inverta ya BTU 12,000 ikikaza inakula karibu kilowati 1. Chumba kikishapoa inashuka, na tukiuweka wastani wa usiku kuwa nusu kilowati kwa chumba kilichofungwa vizuri, hatutakuwa mbali na ukweli. Saa 8 ni uniti 4, na mwezi ni uniti 120. Tuseme uniti moja ni shilingi 30 pamoja na tozo na kodi zote, kwa kurahisisha hesabu tu. Bei yako halisi utaipata ukigawa pesa ulizolipa kwa uniti ulizopewa kwenye ujumbe wa tokeni. Chumba kimoja ni shilingi 3,600 kwa mwezi, viwili 7,200. Mashine ya BTU 60,000 ikikaza inakula kilowati 5 hadi 6. Iendeshe kwa nusu ya nguvu tu kwa saa hizohizo 8: ni uniti 22 kwa usiku, 660 kwa mwezi, karibu shilingi 20,000. Tena ukipita uniti 100 kwa mwezi unahamia daraja la bei ya juu la Kenya Power, kwa hivyo kila uniti unayookoa ni ile ya bei ghali. Na kabla ya hayo yote muulize muuzaji kama mashine hiyo inadai umeme wa fezi tatu, maana nyingi za ukubwa huo hudai, na kubadilisha laini ya nyumba ni gharama nyingine ambayo huenda haimo kwenye karatasi yake.

Atakwambia vilango vitapunguza matumizi. Kidogo, ndiyo. Lakini fikiria kinachotokea ndani ya mashine. Vyumba vitatu vikifungwa kati ya vinne, hewa iliyopimwa kwa nyumba nzima inatafuta njia kwenye chumba kimoja. Dakti zinavuma, hewa inayopita kwenye koili inapungua, koili inaota barafu, na ikifika hapo kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, iko hatarini kurudishiwa gesi ikiwa bado majimaji. Hivyo ndivyo kompresa zinavyokufa. Iko mifumo yenye kompresa na feni za kubadili kasi inayohimili hali hiyo, na ni ghali. Uko pia mfumo wa kugawa gesi yenyewe chumba kwa chumba badala ya hewa, ambao Daikin ya Japani iliutoa mwaka 1982, na ndio unaotumika leo kwenye majengo makubwa duniani. Hoteli ya vyumba 80 ina sababu ya kuuweka, ina fundi wa kudumu na ina wageni wanaolipa. Familia ya watu sita haina hata kimoja katika hivyo vitatu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi lakini ni hiyo dari. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, ambayo ni hewa ya kawaida ya kaskazi, huanza kudondosha maji juu ya kitu chochote kilichopoa kufika nyuzi 25. Dakti hubeba hewa ya nyuzi 13 hadi 15. Sufi ya kuzuia joto inayoizunguka ikipasuka mahali padogo, au fundi akisahau kuziba kiungo kimoja, matone yanaanza. Utaona doa la manjano kwenye jipsamu, kisha kuvu, kisha siku moja kipande kinashuka. Na huwezi kukiona kiungo kilichoachia mpaka uvunje dari. Energy Star, mpango wa serikali ya Marekani wa kuokoa nishati, inakadiria kwamba katika nyumba ya kawaida ya huko asilimia 20 hadi 30 ya hewa inayopita kwenye dakti hupotea kwa matundu na viungo vibovu. Hao ni watu waliozizoea dakti tangu babu zao. Na kwako, kwa kuwa juu ni slabu, dakti zitaning'inizwa chini yake na kufichwa kwa dari ya jipsamu. Utapoteza urefu wa chumba, na hewa baridi uliyoilipia itapita sentimita chache tu chini ya zege la moto.

Hilo zege ndilo lenye kesi yako. Panda juu saa nne za usiku uliguse. Mombasa iko nyuzi 4 kusini ya ikweta, jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, Machi na Oktoba, na miezi mingine haliendi mbali. Paa linachomwa mwaka mzima kuliko ukuta wowote. Slabu inakunywa joto kutwa na kulitoa usiku, wakati mmelala chini yake. Mamako hapati shida hiyo kwa sababu slabu iliyo juu yake yeye imefunikwa na vyumba vyenu. Kwa hiyo nyumba yako tayari ina kanda mbili, muuzaji hajagusa kitu: ya chini yenye kivuli na ya juu yenye jiko.

Basi shilingi za kwanza ziende juu ya paa kabla ya kwenda kwenye eisi. Slabu ikipakwa chokaa nyeupe au rangi nyeupe ya paa, mwanga mwingi wa jua unarudi ulikotoka. Chokaa ni rahisi na itabidi irudiwe, hasa baada ya masika. Wenye nafasi hujenga kivuli cha mabati au makuti juu ya slabu na kuacha upepo upite katikati. Hapo jua halifiki kwenye zege kabisa, na unapata pa kuanikia nguo. Makuti na moto hawapatani, hilo unalijua. Ukifanya hili kabla ya kununua, huenda chumba kilichohitaji BTU 18,000 kikatosheka na 12,000, na tofauti hiyo utaiona kila mwezi kwenye tokeni.

Baada ya paa, angalia upande. Bamburi bahari iko mashariki, kwa hiyo chumba kinachotazama Kiembeni ndicho kinachochomwa jua la alasiri na kuingia usiku ukuta ukiwa moto. Kinachotazama bahari hupata jua la asubuhi, ambalo ni jepesi zaidi kwa sababu ukuta una kutwa nzima ya kupoa. Ikiwa watoto wamelala upande wa Kiembeni, hicho ndicho chumba cha kwanza kupata eisi, hata kabla ya chenu. Pazia la ndani halisaidii sana, kwa kuwa joto limeshapita kioo. Kinachosaidia ni kivuli cha nje: kipaa kidogo juu ya dirisha, mti, hata turubai.

Sasa jambo ambalo watu wengi hulipuuza kisha wakailaumu mashine. Kanda lazima ifungike. Nyumba zetu zimejengwa kupumua. Zina matundu ya hewa juu ya madirisha, zina madirisha ya luva ambayo vioo vyake havikutani, zina milango iliyokatwa chini ili maji ya kudeki yapite. Kwa feni na upepo wa bahari huo ni ujenzi wa akili. Kwa eisi, kila tundu linaingiza mvuke kutoka nje usiku kucha, na mashine itafanya kazi ya kukausha Bamburi nzima. Chumba utakachopoza kizibwe: matundu yafungwe kwa kifuniko kinachofunguka, luva zibadilishwe ziwe dirisha la kusukuma au lenye bawaba, na chini ya mlango kuwe na mpira. Asubuhi fungua kila kitu, chumba kipate hewa mpya.

Ngazi nayo. Nyumba nyingi za ghorofa hapa zina ngazi ya wazi inayopanda kutoka sebuleni. Hewa baridi ni nzito, inateremka. Ukiacha milango ya vyumba vya juu wazi, utakuwa unampoza mamako asiyetaka kupozwa, na magoti yatakuwa na haki. Sebule yenyewe ikiwa imeungana na ngazi na jikoni, kwa maoni yangu isiwe kanda ya eisi hata kidogo. Itaomba BTU 24,000 na isitosheke. Weka feni mbili nzuri za dari. Feni ya kawaida inakula wati 50 hadi 75, na upepo wake unakufanya uone kama joto limeshuka nyuzi 2 au 3. Feni haipozi chumba, inakupoza wewe, kwa hiyo ukitoka izime.

Kuhusu mamako nina neno refu kidogo. Ukisoma barua yako haraka, utasema mama hataki baridi, basi kanda yake iachwe. Mimi sikubali moja kwa moja. Mwili ukizeeka hutoa jasho kidogo, na kiu huchelewa kusikika, kwa hiyo mzee anaweza kuwa amezidiwa na joto na bado akakwambia hali yake ni nzuri. Akiwa na ugonjwa wa moyo au figo, au anatumia dawa za presha, ndiyo zaidi. Magoti yake anayasema kwa sababu amekaa mahali ambapo upepo wa eisi unampiga mwilini, pengine sebuleni kwa mtu au hospitalini, mashine ikiwa 18. Hilo si sawa na chumba kilichokaushwa kikawa nyuzi 27.

Kwa hiyo chumba chake kianze na feni ya kasi ndogo na dirisha la upande wa upepo. Kaskazi likikaza Januari na Februari, pima chumba usiku kwa kipimajoto cha kawaida. Kikikaa juu ya nyuzi 30 hadi usiku wa manane, mwekee BTU 9,000, ifungwe juu ya kichwa cha kitanda au ubavuni ili upepo upite juu yake usimpige, mabawa yaelekezwe darini, iwekwe nyuzi 27 au kwenye hali ya kukausha, ile yenye alama ya tone la maji kwenye rimoti. Rimoti akae nayo yeye. Hapa ndipo kanda zinapomfaa mtu kweli: mama na nyuzi 27 zake chini, watoto na 25 zao juu, na hakuna anayegombana na mwenzake. Mashine moja yenye dakti ingekuahidi hilohilo, lakini siku ikiharibika, wote sita mngetoka jasho pamoja.

Hoja hiyo ya kuharibika ndiyo inayonifanya nisikupeleke pia kwenye ile aina ya katikati, mashine moja ya nje inayolisha mbili, tatu au nne za ndani. Ina mahali pake. Mtu wa fleti Kizingo mwenye kibaraza kimoja, na mwenye nyumba asiyetaka ukuta utobolewe kila upande, ataipenda. Lakini ikivuja mahali pamoja vyumba vyote vinakosa gesi, na ukiwasha chumba kimoja tu usiku, mashine ya nje iliyopimwa kwa vinne mara nyingi haiwezi kushuka chini vya kutosha, inakula zaidi ya ndogo iliyo peke yake. Wewe una kuta na una nafasi. Zitenganishe.

Mashine za nje kwenu zina adui mwingine, chumvi. Bamburi upepo wa bahari unaifikisha kila mahali, na mapezi ya alumini, vile vibati vyembamba vya koili, huliwa yakawa unga. Nunua yenye koili iliyopakwa rangi ya kinga, zile za buluu au dhahabu, na muulize muuzaji kama ni koili nzima au mapezi peke yake. Iweke upande ambao nyumba inaikinga na upepo wa baharini. Isizibwe kwa ukuta au kreti ya vyuma iliyobana, inahitaji kupumua. Kila mwezi mwagieni maji mapezi, taratibu, na kabla ya hapo izimwe stima. Maji yawe matamu. Visima vingi vya pwani ya kaskazini vina maji ya chumvi, na kuiosha eisi kwa maji ya kisima ni kuipaka kile kile unachokiondoa. Hapa ndipo dumu la maji ya mfereji linapopata kazi.

Ufungaji niuseme kwa haraka. Gesi iwe R32 au R410A. Ya R22 usiikubali hata ikiwa bei ya kutupa, inaondolewa sokoni chini ya Mkataba wa Montreal na kuijaza kutakuwa taabu. Kila eisi iwe na waya wake kutoka kwenye boksi na swichi yake, kazi ifanywe na fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, na iwekwe AVS, kifaa cha kuikinga mashine, maana stima yetu hupanda na kushuka. Fundi wa eisi aje na pampu ya kunyonya hewa kwenye mabomba kabla ya kufungulia gesi. Akikwambia atasafisha mabomba kwa kuachia gesi kidogo itoke, mwambie arudi akiwa na pampu. Na gesi haiishi kama ya kupikia. Mzunguko wake umefungwa. Fundi akitaka kukujazia kila mwaka, kuna mahali inavuja, na hapo ndipo pa kutengeneza. Bomba la maji literemke bila kupinda juu. Usiku wa unyevu eisi moja inaweza kutoa hata lita moja kwa saa, na bomba likiziba maji hayo yatarudi ukutani kwako. Yanafaa kudekia na kumwagilia maua.

Kisha kuna kosa moja linalozipata nyumba za kanda peke yake, na Mombasa linauma. Chumba kimoja kikiwa 18 na cha jirani kikiwa 30 chenye unyevu, ukuta ulio kati yao unapoa, na upande wa chumba cha joto unaanza kutoa jasho. Kama kabati la nguo limeegemea hapo, kanzu na mabuibui yatashika kuvu na hutajua yametoka wapi. Dawa yake ni kutoshusha rimoti. Ukikaa 25 au 26 na feni ya dari ikizunguka taratibu, ukuta haufiki kwenye kiwango cha kutoa jasho mara nyingi, na mnalala vizuri. Kabati lisogezwe kutoka ukutani upana wa mkono, upepo upite.

Mpango wangu kwako ungekuwa hivi. Sasa, kabla kaskazi halijaanza, paa lipakwe na vyumba viwili vya juu vizibwe. Disemba inunuliwe eisi ya chumba cha watoto, 12,000 kama chumba ni kama mita 4 kwa 4, au 9,000 ikiwa ni kidogo na paa limeshapakwa. Angalia lebo ya nyota, nyota nyingi ni matumizi madogo. Januari utaona chumba chenu kinahitaji yake au mmetosheka na feni. Cha mama kiamuliwe na kipimajoto. Chumba cha nne, cha wageni, kiacheni na feni. Mgeni wa siku mbili hajafa na joto la Mombasa bado. Kusi likirudi Aprili, matundu yafunguliwe, mashine zilale. Anayepoza nyumba nzima kwa dakti hulipia mfumo mzima hata miezi hiyo, kwa matengenezo na kwa pesa alizozizika darini.

Kama mume wako bado ameupenda ule mfumo mkubwa, msigombane. Mpeni muuzaji maswali haya kwa maandishi. Vyumba vitatu vikifungwa, hewa ya ziada inakwenda wapi, na mashine inashuka hadi BTU ngapi? Dakti zimefungwa sufi ya unene gani, na kiungo kikidondosha maji dari inavunjwa kwa gharama ya nani? Ni nani Mombasa mwenye mota za hivyo vilango dukani leo, si kwa kuagiza? Mwenye majibu atayaandika. Akija na majibu ya maneno matupu, mwambieni awapigie bei ya eisi mbili za 12,000, na ufungaji wa kutumia pampu ya kunyonya hewa.